Mdogo wetu wa Buffalo anataka gari la kusukumia theluji. Tumsaidie kununua lipi?

SWALI

Shikamoo, Fundi.

Mimi ni mkazi wa Makorora hapa Tanga, na ninaandika kwa niaba ya mama yangu mzazi na ndugu zangu. Mdogo wetu wa mwisho anaishi Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, na huu ni mwaka wake wa tano huko. Anafanya kazi katika ghala la bidhaa, lakini majira ya baridi yakifika saa za kazi hupungua, na ameona watu wa mtaani kwake wakijipatia riziki kwa kusukuma theluji katika njia za magari za majumbani kwa kutumia pikapu zilizofungwa bamba la chuma kwa mbele, mfano wa greda. Amekwisha kuahidiwa nyumba 14, pamoja na uwanja wa kuegesha magari wa msikiti anaosali, ambao anasema una upana wa mita 20 na urefu wa mita 25. Kinachokosekana ni gari.

Ameona magari mawili. La kwanza ni pikapu ya mwaka 2017, ile wanayoiita ya nusu tani, yenye milango minne na injini kubwa ya silinda nane. Inang'aa, haina bamba, na bei yake ni dola 18,500. La pili ni pikapu ya mwaka 2011, ya daraja la robo tatu tani, yenye milango miwili na injini ya petroli, na tayari imefungwa bamba la futi saba na nusu. Bei yake ni dola 13,000, lakini ina kutu sehemu za chini. Yeye mwenyewe ana akiba ya dola 7,000, na anaomba familia iuze sehemu ya shamba letu la Pongwe ili tumjazie kinachopungua.

Nyumbani hatukubaliani. Mjomba, ambaye aliendesha malori kati ya Tanga na Arusha kwa miaka mingi, anasema gari ni injini, kwa hiyo achukue lile jipya, na kama ingewezekana atafute la dizeli. Kaka yangu anauliza kwa nini asitafute Toyota Hilux, kwa kuwa kila mtu anajua uimara wake. Mama haulizi habari za gari; anachoogopa ni mwanawe kuwa barabarani usiku wa manane katikati ya tufani ya theluji. Tafadhali tuelekeze, maana sisi theluji tumeiona kwenye picha tu.

Dada Mkubwa, Makorora

JIBU

Marahaba, binti yangu, na salamu zangu zimfikie mama.

Nikueleze kwanza ninasema haya kwa uzoefu gani. Ufundi nilianzia katika karakana ya shamba la mkonge upande wa Muheza, nikitengeneza matrekta, na baadaye niliishi Duluth, mji wa bandari ulio kwenye Ziwa Superior katika jimbo la Minnesota, ambako kwa majira sita ya baridi kazi yangu ilikuwa kufunga na kutengeneza mabamba ya kusukumia theluji kwenye pikapu. Swali lako limenigusa, kwa sababu nimewaona vijana wengi wakinunua gari la kazi hii kwa kulitazama machoni, na kabla ya mwezi wa pili kwisha gari liko juu ya jeki. Kati ya magari mawili uliyoyataja, ningechagua la pili, kwa sharti kwamba chasisi yake, yaani uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, ni nzima. Kama chasisi si nzima, asinunue lolote kati ya hayo mawili.

Sisi watu wa pwani huiwazia theluji kama pamba, kitu kisicho na uzito, na hapo ndipo hesabu zetu huanza kupotoka. Theluji kavu iliyoanguka usiku huohuo huweza kuwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya ujazo, lakini ile yenye majimaji hufika kilo 300 na kuzidi. Uwanja wa msikiti una mita za mraba 500. Ikianguka theluji ya kina cha sentimita 15, jambo ambalo Buffalo halimshangazi mtu, pale uwanjani patakuwa na mita za ujazo 75, yaani tani saba na nusu ikiwa kavu, au tani 22 na nusu ikiwa na maji. Gari haliisukumi yote kwa mkupuo mmoja, bali huichukua ukanda baada ya ukanda na kuirundika pembeni, lakini uzito wote huo utapita mbele ya bamba, na baada ya hapo nyumba 14 bado zinamsubiri.

Mji wenyewe nao haufanani na miji mingine ya baridi. Umekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na upepo wa baridi unaotoka magharibi hupita juu ya maji ambayo bado yamehifadhi joto la kiangazi, ukabeba mvuke wake na kuubwaga nchi kavu ukiwa theluji. Ndiyo maana Buffalo hupata wastani wa sentimita 240 hivi kwa msimu, na ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kufukiwa ilhali mwingine ulio kilomita chache kaskazini unaona jua. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park, kusini mwa mji huo, kilipata theluji ya karibu mita mbili kwa siku chache tu. Theluji ya kiasi hicho haiondolewi kwa pikapu ya aina yoyote. Ile ni kazi ya mitambo mikubwa yenye vijiko. Kwa hiyo gari tunalolitafuta hapa ni la theluji ya kawaida, inayosukumwa mara mbili au tatu kwa usiku mmoja kabla haijapata kina, wala si gari la kupambana na kila kitakachoshuka kutoka mbinguni.

Katika kulichagua gari hilo, jambo la kwanza la kutazama ni ekseli ya mbele. Bamba la futi saba na nusu, yaani mita 2.3, pamoja na fremu yake na pampu yake ya haidroliki, huwa na uzito wa kilo 340 hivi, na uzito huo hauwekwi juu ya gari, bali unaning'inia mbele yake. Tuseme bamba liko mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele, na umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 3.6. Hapo ekseli ya mbele haiongezewi kilo 340. Inaongezewa kilo 453, kwa sababu gari zima linakuwa kama mtaimbo, pua ikiinama na mkia ukinyanyuka, na ekseli ya nyuma inapunguziwa kilo 113. Mtu anayesoma uzito wa bamba kwenye karatasi ya muuzaji, kisha akaulinganisha na mzigo ambao gari linaweza kubeba kwa nyuma, amekwisha kukosea kabla hajatoa fedha.

Kwenye mwimo wa mlango wa dereva wa pikapu zinazouzwa Marekani kuna kibandiko kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Ndugu yako akisome kibandiko hicho kwenye gari la kwanza, kisha alipeleke gari kwenye mzani wa malori, magurudumu ya mbele peke yake yakiwa juu ya mzani na yeye mwenyewe akiwa ameketi ndani. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo nafasi aliyo nayo. Nikupe mfano: pikapu ya nusu tani ambayo ekseli yake ya mbele inaruhusiwa kilo 1,600, na tayari imebeba 1,300, ina nafasi ya kilo 300, ilhali bamba letu linadai 453. Pikapu hiyo itasukuma theluji, tena itaisukuma vizuri kwa wiki za kwanza, lakini springi zitalala, bolijointi (viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele) na beringi za magurudumu zitaanza kulia, na kila shimo la barabarani litapeleka kishindo chake moja kwa moja kwenye chasisi. Gari la pili lina bamba tayari, kwa hiyo halihitaji hesabu: apime magurudumu ya mbele ya gari vilevile kwenye mzani, bamba likiwa limeinuliwa juu, na namba ya mzani isizidi ile ya kibandiko.

Majina haya ya nusu tani, robo tatu tani na tani moja ni ya zamani na hayasemi tena uzito halisi ambao gari hubeba, lakini bado yanatenganisha madaraja. Katika daraja la robo tatu tani utakuta Ford F-250, Ram 2500 na Chevrolet Silverado 2500, na yote matatu hufanya kazi hii kila msimu bila malalamiko makubwa. Ford na Ram za daraja hilo zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne huwa na ekseli ya mbele iliyo mhimili mmoja mzima, na Chevrolet huwa na springi huru kwa kila gurudumu. Mafundi wa kule wanabishana juu ya jambo hilo kila jioni, lakini kwa nyumba 14 na uwanja mmoja wa msikiti halitabadilisha chochote, na ndugu yako asiache gari zima kwa sababu ya jina lililo kwenye bampa. Haki nayo itendeke kwa pikapu za nusu tani: yapo mabamba mepesi ya kilo 150 hadi 200 yaliyoundwa kwa ajili yake, na zipo zilizotoka kiwandani zikiwa zimeandaliwa kwa bamba, zikiwa na springi nzito na alteneta, kile chombo cha kuzalisha umeme wa gari, kubwa zaidi. Mtu wa kusafisha uwanja wake mwenyewe na wa jirani mmoja angetosheka nazo. Mtu aliyeahidi nyumba 14 kabla watu hawajaondoka kwenda kazini hawezi kutosheka nazo.

Nampa mjomba heshima yake, maana kupandisha mzigo kutoka Segera kwenda Arusha kunahitaji injini, na kwa kazi aliyoifanya yeye dizeli ilikuwa chaguo sahihi. Kazi ya theluji ni ya namna nyingine. Gari huenda mbele mita 30, hurudi nyuma mita 30, kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, usiku kucha, na katika hali hiyo tairi huteleza muda mrefu kabla injini haijaishiwa nguvu. Injini ya dizeli ya pikapu hizo ni nzito kuliko ya petroli kwa kilo mia moja na zaidi, na kilo hizo zote zinakaa juu ya ekseli ileile ya mbele tunayojaribu kuihurumia. Zaidi ya hayo, baridi ikiwa kali mafuta ya dizeli yasiyoandaliwa kwa majira hayo hutoa nta na kuziba chujio, na wengi hulazimika kulichomeka gari kwenye umeme usiku ili injini ikubali kuwaka alfajiri. Petroli ya silinda nane inamtosha. Kuhusu Hilux aliyoiuliza kaka yako, Toyota haiiuzi nchini Marekani, na gari lililotengenezwa bila kufuata viwango vyao vya usalama haliruhusiwi kuingizwa mpaka litimize miaka 25, kwa hiyo wazo hilo tuliweke kando.

Chombo kinachokufa mapema katika kazi hii kuliko injini ni giaboksi. Kila safari ya kwenda na kurudi ni badiliko la gia, na kwa usiku mmoja mabadiliko hayo hufika mamia. Giaboksi ya otomatiki hupata joto kali, na dereva mwenye haraka hutia gia ya nyuma kabla gari halijasimama, akaila giaboksi kidogo kidogo bila kujua. Anapolikagua gari la pili, avute kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi: yakiwa mekundu na safi, vizuri, yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, bei ishuke sana au aondoke. Aulize pia kama lina rejeta ndogo ya kupoozea mafuta hayo, na kama halina, hiyo iwe spea ya kwanza atakayonunua.

Sasa niseme habari ya kutu, na hapa naomba msome taratibu, kwa sababu ndipo gari la pili litakapopita au kukataliwa. Barabara za kule humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, kwa kuwa maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Chumvi hiyo ni ya mawe, huchimbwa ardhini, na mgodi mmoja uko chini ya Ziwa Erie lenyewe, upande wa Cleveland. Nyinyi wa Tanga mnaijua tabia yake: angalieni gari linalobeba samaki wenye barafu kwa miaka mitatu, maji ya chumvi yakidondoka chini kila siku, kisha inameni mtazame chasisi yake. Gari la kusukuma theluji huishi ndani ya maji ya namna hiyo miezi mitano kila mwaka, na lile la 2011 limekwisha kuyaonja kwa majira mengi.

Kuna kutu ya ngozi na kutu ya mfupa. Matundu kwenye bodi, juu ya magurudumu na kwenye kingo za milango, ni kutu ya ngozi. Hayapendezi, lakini hayazuii kazi, na ni sababu nzuri ya kupunguza bei. Kutu ya mfupa ni ile ya chasisi, hasa mahali fremu ya bamba inapofungwa na mahali springi zinaposhikwa, na ile ya mabomba membamba ya breki yanayopita ubavuni mwa chasisi. Katika msimu wangu wa pili kule Duluth nililetewa pikapu ambayo chini yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi iliyokolea, nami nikaridhika na weusi ule, nikafunga bamba bila kuigonga chasisi kwa nyundo. Wiki ya tatu kishikizo cha bamba kiling'oka pamoja na kipande cha chasisi kilichokuwa kimelika kwa ndani, bamba likajikunja chini ya gari, na ni kwa sababu tu dereva alikuwa katika mwendo wa mtu anayetembea ndipo hakuumia. Lile lilikuwa kosa langu, na tangu siku ile sijaikagua chasisi yoyote bila nyundo mkononi.

Kwa hiyo ndugu yako asiende peke yake wala asiende usiku. Amlipe fundi asiyejuana na muuzaji, gari linyanyuliwe, na chasisi igongwe kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti butu na kubomoka maganda. Bisibisi ikizama popote kwenye chasisi, mazungumzo yamekwisha, hata muuzaji akishusha bei hadi dola 5,000. Rangi nyeusi mpya sehemu za chini za gari la miaka mingi ichukuliwe kuwa ni swali linalodai jibu. Gari likiwa bado juu, magurudumu ya mbele yatikiswe ili bolijointi na beringi zijulikane hali yake. Likishashushwa, bamba linyanyuliwe na kushushwa mara kumi mfululizo: taa zikififia sana au bamba likizidi kuwa zito kunyanyuka, tatizo ni betri, alteneta au pampu, kwa sababu pampu ile hufyonza umeme mwingi kwa mpigo mmoja, zaidi ya ampea 100. Alijaribu gari likivuta kwa magurudumu yote manne, katika gia ya juu na ya chini, na awashe hita mpaka kioo cha mbele kipate joto, maana dereva asiyeona nje hafai hata akiwa na gari zuri.

Faida moja ya gari la pili inaweza kuwapita watu wa mbali. Bamba la theluji halihamishwi ovyo kutoka gari moja kwenda jingine. Kila aina ya pikapu ina vishikizo vyake vinavyofungwa kwenye chasisi na nyaya zake za umeme, na mtu akinunua bamba la bei nafuu lisilo na vishikizo vya gari lake huishia kulipa fedha nyingi kulifanya likae. Akichukua lile la dola 18,500, bado hajanunua bamba. La pili lina bamba lililokwisha kukaa, na upana wake ni sahihi kwa majumbani: likipindishwa ili kumwaga theluji pembeni bado linafunika takriban mita mbili, yaani njia ya magurudumu yake, na bado linapita kati ya kuta mbili za mtaa wa mjini. Milango miwili pia ni neema, kwa sababu pikapu fupi hugeuka mahali ambapo ile ya milango minne italazimika kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu.

Nyuma ya gari atalazimika kuweka farumi. Manahodha wa majahazi hawahitaji kufafanuliwa neno hilo: chombo kitupu hupewa uzito ili kikae sawa majini. Tumeona kwamba bamba huipunguzia ekseli ya nyuma kilo 113, na tairi za nyuma zikiwa nyepesi hazivuti wala hazishiki breki. Mifuko ya mchanga ya jumla ya kilo 200, ikifungwa imara mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, huipunguzia ekseli ya mbele kilo 55 hivi kwa mtaimbo uleule tuliouhesabu, ila sasa umegeuka upande wetu. Ikiwekwa karibu na kabini, faida hiyo hupotea. Tairi ziwe za baridi, zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, na pia ziwe na uwezo wa kubeba uzito wa gari hilo. Anapotoka nyumba moja kwenda nyingine, bamba lisinyanyuliwe mpaka kuziba rejeta na taa, na mwendo usizidi kilomita 70 kwa saa.

Naja kwenye fedha. Msiuze shamba. Theluji ya Ziwa Erie haina ahadi. Upo msimu wa kufukia mji na upo msimu wa kuwaacha wenye magari wakingoja, na ziwa likiganda juu theluji ile ya mvuke hupungua sana. Shamba likishauzwa halirudi kwa sababu msimu ulikuwa mbaya. Ikiwa gari la pili litapita nyundo na mzani, kinachopungua ni dola 6,000, kabla ya kupunguziwa bei kwa ajili ya kutu ya bodi. Ningependa ndugu mchangie kadiri mnavyoweza kama mkopo ulioandikwa na kushuhudiwa, na sehemu iliyobaki aitafute hukohuko kwa kuchukua malipo ya msimu mzima mapema kutoka kwa baadhi ya zile nyumba 14, jambo ambalo wateja wengi wa kule wamelizoea. Katika hesabu yake aweke bima ya biashara, kwa sababu bima ya kawaida ya gari binafsi mara nyingi haifidii ajali iliyotokea wakati mtu anasukuma theluji kwa malipo, na nguzo moja ya lango au gari moja lililofukiwa linaweza kumaliza mapato ya mwezi. Aulize pia ofisi ya mji anakoishi kama kazi hiyo inahitaji leseni, na ajue tangu mwanzo kwamba theluji ya mteja haisukumwi kwenye barabara ya umma.

Ikiwa gari la pili litashindwa na msimu umekwisha kumkaribia, ipo mashine ya kurushia theluji inayosukumwa kwa mkono, yenye injini ndogo ya petroli. Kwa mashine hiyo na koleo anaweza kuhudumia nyumba tano au sita zilizo karibu na kwake, akauacha uwanja wa msikiti kwa mwenye gari, na mwaka unaofuata akanunua akiwa na fedha zaidi.

Mama mwambieni kwamba hofu yake ina msingi. Desemba 2022 tufani ya theluji iliua zaidi ya watu 40 katika eneo la Buffalo, na hata magari ya dharura na ya kusukumia theluji yalikwama. Mamlaka zilipiga marufuku watu kuendesha magari, na wateja wa ndugu yako hawana budi kukubali tangu siku ya mkataba kwamba marufuku ya namna hiyo ikitolewa hatatoka. Lipo na jambo jingine ambalo vijana hulisahau: dereva aliyekwama hukaa ndani ya gari injini ikiunguruma ili apate joto, theluji ikaziba bomba la moshi kwa nyuma, na gesi yenye sumu iliyomo kwenye moshi ikaingia ndani bila harufu ya kumwonya. Kwa hiyo koleo likae ndani ya kabini, wala lisiwe nyuma chini ya mifuko ya mchanga, na kila anaposimama kwa muda azibue bomba kwanza.

Bei za magari haya hupanda mara tu theluji ya kwanza inapoonekana, na kule Novemba huweza kuwa imekwisha kuonekana, kwa hiyo ukaguzi ufanyike Oktoba. Anitumie kupitia kwako picha ya kibandiko cha mlangoni, picha ya karatasi ya mzani bamba likiwa juu, na picha nne za chasisi zilizopigwa mchana gari likiwa limenyanyuliwa: mbili za mahali vishikizo vya bamba vinapofungwa, moja ya springi za nyuma, na moja ya mabomba ya breki. Asizisafishe wala asizifute sehemu hizo kabla ya kupiga picha.